Kila dumu hupandishwa Newala: umeme unaenda wapi tunapoondoa chumvi baharini

Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu, Newala, bonde la Ruvuma limelala chini kabisa na ng'ambo yake ni Msumbiji. Watu wa uwanda wa Makonde wanajua jambo ambalo sisi wa pwani hatulifikirii sana: maji yako chini, watu wako juu. Zamani kina mama waliteremka kufuata maji bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Tangu miaka ya 1950 kazi hiyo imekuwa ya pampu za mradi wa maji wa Makonde, na anayeishi Newala au Tandahimba hahitaji kuelezwa kwamba kupandisha maji ni kula umeme.

Naanzia huko juu ingawa swali lenyewe lilitoka ufukweni. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Mikindani aliniita nikamwangalizie mashine yake ndogo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mimi shughuli yangu ni pampu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajanipa hata kiti akasema, "Mwanangu, hili dude linanimaliza. Naweka umeme asubuhi, jioni LUKU inalia. Au wameniuzia bovu?"

Tukapima. Tulisoma LUKU, tukajaza tangi la lita 1,000, tukasoma tena. Uniti 13. Mitambo mikubwa ya kisasa hutumia uniti 3 hadi 4 kwa maji kiasi hicho hicho, tena pamoja na kuyavuta baharini na kuyachuja. Lakini mashine ya mama haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa, na ilikula uniti 13 kwa sababu ndivyo ilivyoundwa. Kuelewa kwa nini, inabidi tuanze na chumvi yenyewe.

Aliyewahi kutengeneza samaki wa chumvi ameiona fizikia hii kwa macho yake. Unampasua nguru, unampaka chumvi, unamlaza kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi beseni lina maji. Hakuna aliyemkamua. Chumvi iliyoko nje imeyavuta maji yaliyomo ndani, yakapita kwenye nyama yakaifuata. Hiyo ndiyo osmosisi: maji hukimbilia kwenye chumvi nyingi. Ukiweka utando kati ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na maji ya bahari, utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, maji baridi yatapenya kwenda upande wa bahari, na yatapenya kwa nguvu inayopimika. Bahari ya kawaida ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na nguvu hiyo ni takriban baa 27 (baa ni kipimo cha presha). Tairi ya bodaboda hujazwa upepo wa baa 2 au 2.5, kwa hiyo piga picha mwenyewe.

Kuondoa chumvi ni kulazimisha safari hiyo irudi nyuma. Unayasukuma maji ya bahari kwenye utando kwa presha inayozidi ile ya asili, maji yanapenya, chumvi inabaki. Wataalamu huita osmosisi ya kinyume. Utando wenyewe ni wa plastiki, na tabaka lake linalofanya kazi ni jembamba mara mamia kuliko unywele. Umekunjwa kuzunguka bomba la katikati kama mkeka unavyoviringwa, ukaingizwa ndani ya bomba nene lisilopasuka kwa presha. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndio walioonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba utando wa namna hii unaweza kutengenezwa ukatoa maji ya kutosha kufaa kitu.

Kuna watakaouliza kwa nini tusichemshe tu, tukakusanya mvuke. Wapika chumvi wa pwani wana jibu. Kukausha lita moja ya maji kunahitaji nishati ya karibu uniti 0.65. Dumu la lita 20 ni uniti 13, yaani dumu moja la mvuke limekula umeme ambao kwa mama wa Mikindani ulijaza madumu 50. Kwenye mafiga matatu, ambapo moto mwingi hupotelea hewani, kilo ya kuni kavu hukausha lita moja, ukibahatika lita na nusu. Ndiyo maana wapika chumvi hawachemshi maji ya bahari yalivyo; huchuja kwanza udongo wa chumvi ili wapate maji makali yasiyohitaji kuni nyingi. Nchi za Ghuba ya Uajemi zilijenga mitambo mikubwa ya mvuke, na ujanja wake ni kuutumia moto ule ule mara nyingi: mvuke wa chombo cha kwanza unapopoa hupasha chombo cha pili, cha pili hupasha cha tatu. Hata hivyo bado inazidiwa mbali na utando. Mvuke una maana pale tu ambapo kuna joto linalotupwa bure, kama moshi wa moto unaotoka kwenye injini za gesi. Mtwara umeme wetu unatoka kwenye gesi ya Mnazi Bay, kwa hiyo jambo hilo si la kulicheka, ila leo naliweka kando.

Turudi Newala. Baa kumi za presha ni sawa na uzito wa nguzo ya maji yenye urefu wa mita mia moja hivi. Mtambo wa bahari hufanya kazi kwenye baa 55 hadi 70. Chukua baa 60: ni sawa na kuyapandisha maji mita 600 kwenda juu. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, kila dumu la maji ya bahari linaloingia kwenye utando limepandishwa, kwa hesabu ya umeme, hadi karibu na mji wa Newala. Na hapo ndipo panapouma: sehemu kubwa ya maji hayo, baada ya kupandishwa kote huko, humwagwa.

Lazima yamwagwe. Maji baridi yakishapenya, chumvi yote iliyokuwa ndani yake inabaki na maji yaliyosalia, nayo yanazidi kuwa makali. Ukitoa nusu ya maji, yaliyobaki yana gramu 70 kwa lita, na nguvu yake ya kuvuta imepanda kutoka baa 27 hadi 55 hivi. Ukiendelea kukamua, chokaa na magamba mengine vinaanza kuganda juu ya utando. Kwa hiyo mitambo mikubwa huridhika na asilimia 40 hadi 50, tena kwa kupanga tando sita hadi nane mfululizo ndani ya bomba moja. Mashine ya mama ilikuwa na utando mmoja mfupi. Kati ya madumu sita yaliyoingia, moja lilitoka likiwa maji baridi, matano yakarudi baharini.

Sasa hesabu ya zile uniti 13 inaweza kufunguliwa. Mashine yake ilifanya kazi kwenye baa 55. Kusukuma lita 1,000 kwa baa 55 ni uniti 1.5. Ili apate lita 1,000 za maji baridi, alisukuma lita 6,000, yaani uniti 9. Pampu na mota yake ndogo hupoteza kama asilimia 30 ya umeme kwa joto na msuguano, kwa hiyo LUKU ikasoma 13. Ukitazama zilikokwenda: uniti 4 ziliishia kwenye pampu na mota. Uniti 1.5 tu zilikuwa ndani ya maji yaliyopenya. Uniti saba na nusu zilitoka na maji makali.

Nilimpeleka mama nyuma ya kibanda, nikamwonyesha bomba la kutolea. Hapo kuna vali ndogo ya chuma, imekazwa karibu kufungwa, na kazi yake ni kuzuia maji makali yasikimbie ovyo ili presha ibaki ndani. Vali ile ilikuwa inalia, mlio mwembamba usiokatika, kama filimbi iliyozibwa nusu. Ukiishika inatetemeka hadi kiwiko. Upande mmoja wa vali kuna baa zaidi ya 50, upande wa pili maji yanatiririka kwenye mfereji kama ya bomba la uani. "Huo mlio unausikia, mama? Huo ndio umeme wako." Alisimama pale muda mrefu. Kijana wake wa kazi akasema yeye alidhani mlio ule ni dalili ya mashine kufanya kazi vizuri.

Akauliza swali ambalo wahandisi walilihangaikia kwa miaka: "Sasa hiyo nguvu haiwezi kudakwa?"

Inaweza, na kuidaka ndiko kulikoshusha umeme wa kuondoa chumvi kuliko jambo lingine lolote. Miaka ya 1970 mitambo ya utando ilikula uniti 15 au zaidi kwa lita 1,000. Kwanza watu walielekeza maji makali kwenye gurudumu la mapezi, kama yale ya mabwawa ya umeme, na gurudumu likasaidia kuzungusha pampu. Ilisaidia. Lakini presha iligeuzwa kuwa mzunguko, kisha mzunguko ukageuzwa tena kuwa presha, na kila mgeuzo una ushuru wake.

Mnorwe mmoja, Leif Hauge, alikuja na njia fupi zaidi: usigeuze kitu, acha maji yasukume maji. Kifaa chake ni mche wa seramiki wenye matundu marefu yaliyopenya kutoka ncha hadi ncha, kama sega la nyuki, nao huzunguka ndani ya ganda lake. Tundu moja linapokuwa upande wa presha, maji makali yanaingia kwa nguvu na kuyasukuma maji ya bahari yaliyokuwa yanangoja humo, yanatoka ncha ya pili yakiwa na karibu presha yote. Mche unazunguka, tundu lile lile linafika upande usio na presha, maji mapya ya bahari yanaingia na kuyatoa yale makali yaliyochoka. Hakuna pistoni ya chuma katikati. Maji yanachanganyika kidogo tu pale yanapokutana, kwa kuwa kila kitu kinatokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Vifaa hivi hurudisha asilimia 96 hadi 98 ya nguvu iliyokuwa inapotea.

Chukulia kapi moja ukingoni Newala, kamba ina ndoo ncha zote mbili. Ndoo inayoteremka imejaa maji yasiyotakiwa, ndoo inayopanda imejaa maji mapya. Uzito wa moja unaibeba nyingine, na wewe unavuta kidogo tu kufidia msuguano. Pampu kubwa inabaki na kazi ya kupandisha yale maji yanayobaki juu, yaani maji baridi yenyewe.

Mtambo unaotoa asilimia 40, bila kudaka, hulazimika kusukuma lita 2,500 kwa kila lita 1,000 za maji baridi. Kwa baa 60 hiyo ni uniti 4.2 kabla ya hasara za pampu, yaani karibu 5. Ukidaka, pampu kubwa inasukuma lita 1,000 tu: uniti 2 hivi pamoja na hasara zake, na pampu ndogo ya nyongeza inakula kiasi kisichofika robo uniti. Utando ni ule ule, bahari ni ile ile, umeme umepungua zaidi ya nusu.

Watu wengi wanaosikia mambo haya hungoja utando mpya wa ajabu, unaopitisha maji kama chekeche. Mimi siungoji. Hata utando usio na ukinzani wowote hauwezi kukwepa zile baa 27 za mwanzo na 55 za mwisho, kwa sababu nguvu hiyo ni ya chumvi, haitoki kwenye utando. Hesabu ya maumbile iko wazi: kutoa nusu ya maji ya bahari kuwa maji baridi hakuwezi kuchukua chini ya uniti 1.06 kwa lita 1,000, ufanye utakavyo. Ukisukuma maji yote kwa presha moja tangu mwanzo hadi mwisho, kiwango cha chini kinapanda hadi 1.56. Majaribio yaliyofanyika California miaka ya 2000 yalifikia 1.58 kwenye hatua ya utando peke yake, huku yakitoa asilimia 42 hivi ya maji. Pamebaki nafasi ndogo sana hapo.

Nafasi iliyobaki kati ya 1.06 na 1.56 ina maelezo mazuri. Maji yanapoingia bado hayajawa makali, yanahitaji zaidi kidogo ya baa 27. Ya mwisho ndiyo yanayohitaji baa 55. Kuyapa yote baa 60 tangu mlangoni ni kama lori la mizigo ya Mnazi Mmoja, Nanganga na Masasi kuipandisha mizigo yote hadi Newala, kisha kuanza kuigawa. Njia ya kuponya hilo ni kuanza na presha ndogo na kuipandisha kadiri maji yanavyokolea, ama kwa hatua mbili, ama kwa kuyazungusha maji yale yale ndani ya mfumo uliofungwa. Mitambo ya aina hiyo ipo. Ina vali nyingi zaidi na inahitaji usimamizi, na kwa mji usio na mafundi wa kutosha mimi ningeiacha kwanza.

Mwaka 2011 watafiti Menachem Elimelech na William Phillip waliandika katika jarida la Science kwamba akiba kubwa sasa itafutwe nje ya utando: kwenye kuvuta maji, kuyachuja kabla, na kuyatengeneza baada. Hatua hizo hula uniti moja au zaidi. Kwa pwani yetu jambo hili lina uzito wake. Mvua zikianza, Desemba hadi Aprili, Ruvuma inateremsha tope hadi baharini. Tope, mwani na utelezi vikikaa juu ya utando, presha inayotakiwa inapanda, na kila asilimia kumi ya presha ni karibu asilimia kumi ya umeme. Kisima kilichochimbwa ufukweni, ambacho maji yake yamepita kwenye mchanga, hutoa maji safi kuliko bomba lililotupwa baharini. Mchanga unafanya kazi ya chujio bila umeme wala mshahara.

Bahari yetu pia ni ya joto, nyuzi 25 hadi 30. Maji ya joto ni mepesi kupenya; utando hutoa asilimia 3 hivi zaidi kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Upande wa pili, chumvi nayo hupenya zaidi kidogo, kwa hiyo utando uchaguliwe kwa joto la huku, usiwe ule uliochaguliwa kwa bahari ya nyuzi 15.

Kuhusu jua, hesabu ni nyepesi. Paneli moja ya wati 400 huku kwetu hutoa kama uniti 1.6 kwa siku. Kwa mashine inayodaka presha yake, paneli mbili au tatu zinatosha lita 1,000 kwa siku. Kwa ile ya mama zingehitajika nane au tisa. Na betri za nini? Endesha mashine jua linapowaka, hifadhi maji. Tangi la plastiki halizeeki kama betri, na likijaa linatumika usiku kucha.

Nilipomaliza kumweleza mama nilimwambia mambo matatu ya kufanya. La kwanza, kijana asiikaze tena ile vali ili apate maji zaidi, maana alikuwa ameshaanza tabia hiyo na utando ungefungwa na magamba ndani ya miezi michache. La pili, zipo mashine ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya mashua, ambazo maji makali hurudi kusukuma upande wa pili wa pistoni, nazo hutumia uniti 4 au 5 kwa lita 1,000. Bei yake iko juu, lakini kwa mtu anayejaza tangi kila siku, uniti nane zinazookolewa kila siku ni zaidi ya 2,900 kwa mwaka. La tatu nililisisitiza kuliko yote: kabla ya kugusa bahari, pima kisima cha uani. Maji ya kisima chenye chumvi kidogo, gramu 3 au 4 kwa lita, hayana nguvu ya kuvuta ya baa 27. Ni baa 2 au 3 tu. Mashine ya maji ya namna hiyo inaweza kutumia uniti moja tu. Ila asivute kupita kiasi, kwa sababu kisima cha pwani kikikamuliwa sana bahari hukifuata chini kwa chini, na mwaka unaofuata unajikuta unasafisha bahari ile ile uliyoikimbia.

Akauliza pia kuhusu yale maji makali. Kuyamwaga palepale kwenye mikoko au majani ya bahari si sawa. Ni mazito, yanazama na kukaa chini kwenye mazalia ya samaki. Lakini wenye mashamba ya chumvi, kama yale ya Lindi na Kilwa, hungoja jua liyakaushe maji ya gramu 35 hadi yakolee zaidi ya mara saba. Maji yanayotoka kwenye mtambo mkubwa yakiwa na gramu 70, nusu ya kazi ya jua imeshafanyika. Iwapo dawa za kuzuia magamba zitachaguliwa vizuri, sioni sababu ya mtambo na shamba la chumvi kutokuwa majirani.

Wiki iliyofuata nilikuwa Newala kwa kazi nyingine, na mzee mmoja, aliposikia habari za Mikindani, akaniuliza kama bahari inaweza kusafishwa ikaletwa kwao. Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi. Uniti 3 hadi 4 kuondoa chumvi. Kisha kupandisha lita 1,000 kutoka pwani hadi mlangoni kwake, uniti 2 kwa pampu isiyo na hasara, na kwa pampu halisi na bomba refu namna ile, zaidi ya hapo sana. Akaitazama karatasi, akacheka kidogo. "Basi maji yangepanda Newala mara mbili," akasema. Ndivyo ilivyo. Kwake yeye, kila shilingi iende kwenye pampu za bondeni na mabomba yasiyovuja. Bahari isafishiwe wale wanaoishi kando yake, hasa mahali ambapo bomba la bara halifiki.